Kapteni Grant, Aliyeichora Karagwe

Katika nchi ya Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria Nyanza, kuna mahali paitwapo Bweranyange. Zamani palikuwa na makao ya mfalme Rumanyika, ambaye sifa yake ilivuma hata Tabora na pwani. Nyumba za wakati ule zilikuwa za miti na nyasi, nazo nyumba za namna hiyo hazidumu. Mvua huziozesha, mchwa huzila, na moto ukishika huziteketeza kwa saa moja. Hata hivyo watu wa leo waweza kujua habari nyingi za Karagwe ya siku zile, jinsi nchi na watu wake walivyoonekana. Sababu moja ni hii: alikuwako mgeni mgonjwa, asiyeweza hata kusimama, ambaye alikaa huko miezi karibu mitano pamoja na kalamu yake ya risasi na rangi zake za maji. Jina lake ni James Augustus Grant.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, huko Scotland, penye baridi na upepo wa bahari. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la mji ule. Alisoma kwanza nyumbani, kisha akapelekwa Aberdeen, akaingia chuo cha Marischal. Mwaka 1846, alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, aliingia katika jeshi la India. Huko alipigana vita vingi, na katika mwaka 1857, vita vilipokuwa vikali katika mji wa Lucknow, alipata jeraha la mkono. Mtu mwingine angalisema kwamba mkono ulioumizwa haufai tena kwa kazi nyororo. Lakini Grant hakuuacha mkono wake ulale, na kazi aliyoifanya kwa mkono huo miaka michache baadaye ndiyo iliyolifanya jina lake likumbukwe.

Alipokuwa India alifanya urafiki na askari mwenzake, John Hanning Speke. Mwaka 1858 Speke alikuwa amefika upande wa kusini wa ziwa kubwa ambalo wenyeji wa pande zote walilijua tangu zamani, naye akalipa jina la malkia wake, Viktoria. Moyoni alisadiki ya kuwa mto Nile hutoka katika ziwa hilo. Lakini wataalamu wa Ulaya hawakukubali, maana Speke alikuwa ameona sehemu ndogo tu ya ziwa, na neno lisilo na ushahidi ni kama nyumba isiyo na nguzo. Basi ilimpasa arudi. Akamwomba Grant afuatane naye, na Grant akakubali.

Walifika Unguja mwezi wa Agosti 1860, wakati Sayyid Majid alipokuwa akitawala. Wakakusanya watu wa msafara. Miongoni mwao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Huyu alikuwa mkalimani na kiongozi wa safari, na bila yeye na wenzake wageni wale wawili wasingalifika mbali. Mwanzo wa mwezi wa Oktoba wakatoka Bagamoyo, wakashika njia ya bara.

Kazi ziligawanywa. Speke alishika kazi ya ramani. Alipima jua na nyota ili ajue mahali alipo, akatazama dira ili ajue upande anaokwenda. Grant alipewa kazi ya kuonyesha sura za nchi na watu, na hapo kwanza alikusudia kutumia kamera. Siku zile kamera haikuwa chombo chepesi kama kilivyokuja kuwa baadaye. Kila picha ilihitaji kioo kilichopakwa dawa, na dawa hiyo haikutakiwa kukauka wala kuona mwanga kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mpiga picha alijifungia ndani ya hema dogo lenye giza, katikati ya joto la mchana, akivuta harufu kali ya dawa. Grant alipiga picha kadhaa Unguja, lakini safari ilipoanza ilionekana dhahiri kuwa kazi ile ingemwua. Basi vyombo vya kamera vikaachwa, naye akashika kalamu ya risasi, karatasi na rangi.

Yamkini mtu akafikiri kwamba hilo lilikuwa badiliko la kurudi nyuma, kutoka chombo kipya kwenda chombo cha zamani. Lakini kuchora kwa mkono kuna faida yake. Kamera hupokea kila kitu kwa mara moja, na mwenye kamera aweza kuondoka bila kukitazama alichokipiga. Mchoraji hawezi. Akitaka kuchora nyumba, lazima aulize: je, urefu wake ni mara ngapi ya upana wa mlango? Paa huanza kuinama wapi? Nyasi zimefungwa kwa safu ngapi? Asipouliza maswali hayo, atachora nyumba iliyomo kichwani mwake, wala si ile iliyo mbele ya macho yake. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayejifunza kuchora, nalo haliondoki ila kwa kutazama tena na tena.

Safari ya kwenda Karagwe ilikuwa ndefu na yenye mashaka. Walifika Kaze, karibu na mahali penye mji wa Tabora, mwezi wa Januari 1861. Huko walicheleweshwa na vita kati ya Waarabu na mtemi Manua Sera, tena wapagazi walikuwa adimu. Grant akashikwa na homa mara nyingi. Mwezi wa Septemba, alipokuwa akiongoza sehemu yake ya msafara peke yake, watu wa mtemi Myonga waliushambulia, mizigo ikatawanyika na wapagazi wakakimbia. Kila walikopita walidaiwa hongo, hata vitambaa na shanga vikapungua sana. Ndipo tarehe 25 Novemba 1861, baada ya mwaka mmoja na zaidi tangu watoke pwani, wakafika kwa Rumanyika.

Hapo mambo yakageuka. Rumanyika hakuwadai hongo kama watawala wengine. Aliwapokea kwa adabu, akawapa chakula, akaketi nao kuzungumza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kupenda maarifa, akawauliza mengi juu ya nchi za mbali, na jua na mwezi. Mwenyewe alikuwa na maarifa yake. Alijua habari za nchi jirani, za Rwanda na Buganda na Bunyoro, kwa maana wajumbe na wafanyabiashara walipita kwake, na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao yake. Wageni wakatazama chini ya kilima wakaona ziwa dogo lenye kung'aa kati ya vilima vya majani, likawakumbusha ziwa la Windermere la Uingereza, hata wakaliita kwa jina hilo. Jina hilo halikudumu, maana ziwa lilikuwa na wenyewe.

Lakini furaha ya Grant haikuwa ndefu. Katika mwezi wa Desemba mguu wake wa kuume ulianza kuvimba. Ukawaka moto, ukakakamaa, ukatoboka madonda yenye usaha. Hakuweza kuukunja wala kuukanyagia. Dawa za Kizungu walizokuwa nazo hazikusaidia. Wenyeji nao wakamhurumia, wakajaribu dawa zao, lakini ugonjwa ulikuwa mkaidi. Siku hizi waganga waliosoma habari zake hudhani kwamba ulikuwa ugonjwa wa kidonda kiitwacho Buruli, ambacho hula nyama chini ya ngozi, na wakati ule hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua dawa yake.

Basi likaja jambo gumu kuliko maumivu. Mutesa, Kabaka wa Buganda, alituma watu kuwaita wageni. Speke aliona kwamba nafasi hii isipotumiwa huenda isirudi, na Grant hakuweza kwenda. Tena ilisemwa kwamba mgonjwa hangekubaliwa kuingia Buganda. Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka. Grant akabaki katika nyumba ya nyasi, mgeni katika nchi ya watu, asijue kama atapona au atazikwa pale.

Hapo ndipo tabia yake ilipoonekana. Kwa majuma mengi hakuweza kutoka nje kwa miguu yake, lakini hakuyaruhusu macho yake yalale. Rumanyika alimjia kumjulia hali, na wana wa mfalme nao wakaja, wakakaa karibu naye. Yeye aliandika katika kitabu chake cha kila siku habari za watu, mavazi, ng'ombe, vyakula na ngoma. Aliletewa mimea, akaikausha na kuihifadhi. Akachora watu wa Karagwe na nchi yao. Mtu mwenye afya hupita mahali pengi na kuona kila kimoja mara moja, lakini mgonjwa yule aliona mahali pamoja mara nyingi, asubuhi na jioni, katika mvua na katika jua. Kwa mchoraji hiyo ni shule kubwa.

Yafaa kuelewa jambo hili kwa mfano wa nyumba ya msonge, kama zile zilizokuwapo Karagwe siku hizo. Nyumba ya msonge ni ya mviringo, nayo kwa mbali hufanana na mzinga mkubwa uliofunikwa nyasi mpaka chini. Kwa kutazama upesi huonekana kitu kimoja tu. Lakini fundi anayetaka kuichora sawasawa, ili mtu mwingine aweze kuijenga tena, huichora mara tatu. Kwanza huichora kama aionavyo ndege aliye juu, paa likiwa limeondolewa. Hapo ukuta huwa duara, na ndani ya duara huonekana vitone vya nguzo, mahali pa moto, vitanda, na njia ya kuingilia. Huo ndio mchoro uitwao ramani ya nyumba. Pili huichora kwa mbele, kama mtu asimamaye uwanjani, lakini bila kuufanya upande wa mbali uwe mdogo. Kila kipimo hubaki na haki yake. Tatu huichora kana kwamba imekatwa katikati kwa kisu, kama mtu akatavyo papai, ili kila kilichofichika kionekane: nguzo zinavyobeba paa, fito zinavyopinda, na unene wa nyasi.

Michoro hiyo mitatu lazima ipatane. Ikiwa duara la ramani lina upana wa hatua kumi, basi nyumba ya mchoro wa mbele haiwezi kuwa na hatua nane, wala ile iliyokatwa haiwezi kuwa na kumi na mbili. Mchoro mmoja huushuhudia mwingine, kama mashahidi watatu mbele ya hakimu. Na vipimo havipatikani kwa kukisia. Hupatikana kwa kamba, kwa hatua, kwa fimbo iliyotiwa alama, na kwa kurudi kupima tena pale penye shaka.

Picha za Grant zilikuwa za namna nyingine, kwa kuwa yeye alichora vitu kama jicho linavyoviona, vya mbali vikiwa vidogo na vya karibu vikiwa vikubwa, tena kwa rangi. Lakini sheria ya ndani ilikuwa ile ile: kukitazama kitu kilicho mbele, na kukipa haki yake. Na ramani ya Speke ilikuwa ndugu wa ramani ya nyumba, maana ramani ya nchi nayo ni nchi ionwavyo kutoka juu, ikiwa imepimwa. Si ajabu kwamba katika Kiswahili neno ni moja kwa zote mbili.

Katika ramani ile kulikuwa na funzo jingine. Mahali Speke alipopima mwenyewe, kazi yake ilikuwa nzuri. Mahali alipochora kwa kusikia tu, makosa yaliingia. Safarini kuelekea kwa Rumanyika aliona kwa mbali vilele vya milima ya Mufumbiro upande wa Rwanda, akaviandika. Lakini pwani nyingi za ziwa kubwa alizichora bila kuziona. Kwa sababu hiyo wataalamu waliendelea kubishana naye, mpaka Henry Stanley alipolizunguka ziwa lote kwa mashua mwaka 1875, na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja.

Hata mwezi wa Aprili mguu wa Grant ulikuwa bado haujapona, lakini ruhusa ya kwenda Buganda ilikuwa imepatikana. Tarehe 14 Aprili 1862 akawekwa juu ya machela, akachukuliwa na watu. Rumanyika alikuwa amemtunza mpaka siku ile, wala hakumdhulumu kitu. Msafara ukashuka vilima vya Karagwe, ukavuka mto Kagera, ambao wasafiri wale waliuita Kitangule, ukaendelea kaskazini. Mwishoni mwa Mei Grant alifika kwa Mutesa, akamkuta rafiki yake. Polepole akaanza kutembea tena, ingawa kwa kuchechemea.

Mwezi wa Julai wakaagana tena njiani. Speke alikwenda mbio kuelekea mashariki, na tarehe 28 Julai 1862 akaona maji yakitoka ziwani kwa maporomoko na kuanza kuwa mto Nile. Grant alikuwa ametumwa kwa njia nyingine, kuelekea kwa Kamurasi, mfalme wa Bunyoro. Basi mtu aliyetembea miezi mingi na kuumwa karibu kufa kwa ajili ya kulitafuta tokeo la Nile hakuliona kwa macho yake. Wengine walishangaa na wengine walimlaumu Speke. Grant hakumlaumu. Alibaki rafiki yake mwaminifu maisha yake yote.

Walifika Gondokoro, juu ya mto Nile, mwezi wa Februari 1863, na kutoka huko wakashuka mpaka Misri. Bombay na wenzake waliovumilia hadi mwisho wakarudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Mwisho wa mwaka ule Speke alitoa kitabu cha safari, na picha nyingi za kitabu hicho zilitokana na michoro ya Grant. Lakini siku zile mchoro haukuweza kuingia kitabuni kama ulivyo. Mafundi wa London waliuchora upya juu ya ubao na kuuchonga, na miongoni mwa wachoraji walioifanya kazi hiyo alikuwa Zwecker, ambaye hakuwa mmoja wa wasafiri wale. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kilichoonwa hasa hutafuta michoro ya kwanza, ile iliyotoka mkononi mwa Grant mwenyewe. Michoro hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Mwaka 1864 Grant alitoa kitabu chake juu ya matembezi yake ya kuvuka Afrika, na chama cha wanajiografia wa London kikampa nishani ya dhahabu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Grant akarudi Afrika mara moja tena, mwaka 1868, pamoja na jeshi la Uingereza lililokwenda Uhabeshi. Baadaye aliacha uaskari, akaoneana na mimea yake iliyokaushwa. Ikachunguzwa na wataalamu, na habari zake zikachapishwa kwa picha katika vitabu vya chama cha Linnean. Swala mmoja mwenye pembe ndefu, aonekanaye katika mbuga za Tanzania na Kenya, huitwa swala granti kwa jina lake. Alifariki katika mji wake wa Nairn tarehe 11 Februari 1892.

Rumanyika naye alikuwa amekwisha kufa. Kabla ya kufa alipokea mgeni mwingine, Stanley, aliyefika Karagwe mwaka 1876. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, nyumba ya mviringo iliyojaa vitu vya ajabu vilivyofuliwa na mafundi wa chuma, na katika kitabu chake akaweka picha yake. Nyumba ile ya nyasi imekwisha zamani, lakini sura yake haikupotea, kwa sababu iliwekwa juu ya karatasi nyumba yenyewe ilipokuwa bado imesimama.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa wazee wanaojua kujenga msonge wamepungua sana, na mabati yamechukua mahali pa nyasi. Zamani ilimpasa mgeni kutoka Nairn aje kuichora nchi hii, wala hakuiona yote, na mengine aliyaona kwa jicho la mgeni. Mwenyeji anajua kila nguzo huitwaje, na kwa nini imewekwa pale. Kijana mwenye kalamu ya risasi, karatasi na kamba ya kupimia aweza kuichora nyumba ya babu yake mara tatu, kutoka juu, kwa mbele na kwa ndani, akaandika majina ya sehemu zake kama babu anavyoyataja. Kazi hiyo haitaki utajiri wala safari ndefu. Yataka macho yasiyo na haraka, mkono usiokata tamaa, na moyo wa kweli usiochora kisichokuwapo. Mambo hayo matatu Grant alikuwa nayo hata alipolala mgonjwa Karagwe, na kwa ajili ya hayo kazi yake imedumu.